Gliserini ya kunywa presha ya jicho ikipanda ghafla: vile tunaifanya huku kituoni

Hii naandikia nyinyi mlio kwenye vituo vya afya levo ya 3 na ya 4, manesi na maklinikal ofisa, hasa wa pande za Busia, Namayingo na huko visiwani Sigulu, mashariki mwa Uganda, ambako mgonjwa wa jicho anakufikia usiku na daktari wa macho yuko wilaya nyingine kabisa. Ndugu za wagonjwa pia someni tu, ila msijaribu nyumbani, sababu mtaziona mkiendelea kusoma.

Kitu cha kwanza kushika ni kwamba gliserini haitibu glakoma, yaani ugonjwa wa presha ya jicho. Inashusha presha ya jicho kwa masaa manne matano hivi alafu presha inarudi palepale, wakati mwingine inarudi na hasira. Kwa hivo hiyo dawa ni ya safari. Ukimpa mgonjwa na hujapanga atasafiri vipi na anapokelewa wapi, umemmwagia dawa bure, kwa sababu jicho litapanda tena akiwa bado amelala kwenye benchi yako anasubiri pakuche. Mimi napiga simu kwanza ndo nafungua chupa. Unapigia hospitali ya macho iliyo karibu, sisi huku ni Benedictine pale Tororo, wa magharibi wana Ruharo Mbarara, wa Kampala wana Mulago na Mengo, na usiulize tu kama daktari yupo, uliza pia kama leo mashine ya leza inafanya kazi na kama theta, chumba cha upasuaji, iko wazi, maana mgonjwa anaweza kufika akaambiwa rudi Jumatatu.

Sasa utajuaje ni hiyo presha ya ghafla na si jicho jekundu la kawaida? Mgonjwa anakuja na jicho moja jekundu linauma sana, kichwa kinauma upande huo huo, anatapika, anaona ukungu na akiangalia taa anaona duara za rangi kuzunguka taa. Mulika na tochi: kioo cha mbele cha jicho kimekuwa na ukungu, mboni imepanuka nusu na haichezi na mwanga. Kama una tonomita pima, presha ya kawaida iko kati ya 10 na 21 mmHg, hawa unawakuta 50, 60, saa zingine kupita hapo. Kama huna, mwambie afumbe macho aangalie chini, weka vidole viwili vya shahada juu ya kope la juu, bonyeza polepole kwa kupokezana, alafu fanya hivo hivo jicho la pili. La ugonjwa utasikia gumu halibonyei. Kama jicho limechomwa na kitu au limepasuka usibonyeze kabisa, funika na kikinga kigumu umpeleke.

Hapo kwenye kutapika ndo tunapotezea wagonjwa. Kuna mama mmoja muuza samaki aliletwa na boti kutoka kisiwani, kichwa, kutapika, hawezi kufungua jicho, kliniki ya kwanza wakaona kichwa na kutapika wakamtundikia dripu ya malaria, kipimo cha malaria kilikuwa hasi na bado wakaendelea. Akanifikia siku ya tatu, jicho limekuwa kijivu. Ukiwa na mtu anatapika na kichwa kinauma na jicho moja ni jekundu, mulika hilo jicho kabla hujaandika kitu kingine chochote kwenye kitabu, hata sekunde thelathini hazifiki.

Na huku kwetu wengi ninaowaona si wale wa kitabuni ambao ile kona ya ndani ya jicho, ambako maji ya jicho hutoka, imejifunga yenyewe, ni wazee wenye mtoto wa jicho uliokaa miaka mpaka lenzi imevimba au imeanza kuvuja. Mboni utaiona nyeupe pee. Nalisema hili kwa sababu linabadilisha matone utakayompa, nakuja huko.

Kabla ya gliserini kuna vitu vinatangulia. Tone moja la timolol 0.5% kwenye jicho bovu, ila uliza kwanza kama ana pumu au moyo unaopiga polepole, akisema ndio acha. Acetazolamide vidonge viwili vya 250 ili ifike mg 500, uliza kama dawa za salfa kama septrin zinamdhuru na kama figo ziko sawa. Dawa ya maumivu. Dawa ya kuzuia kutapika, metoclopramide mg 10 ya sindano, na hii ni ya lazima kama unataka kumpa kitu cha kunywa baadaye, mpe na usubiri robo saa. Mlaze chali, lenzi inarudi nyuma kidogo kwa uzito wake yenyewe. Pilocarpine usikimbilie, presha ikiwa juu sana airisi, ile sehemu ya rangi inayozunguka mboni, haipati damu ya kutosha na haiwezi kujikaza, dawa inapotea bure, subiri presha ishuke. Na kama ni yule wa mtoto wa jicho uliovimba, pilocarpine usimpe, inaweza kusukuma lenzi mbele ukaongeza shida.

Baada ya saa moja hivi pima tena. Kama imeshuka vizuri, gliserini huihitaji, mtu asafiri. Kama bado iko juu, au kama ilianza juu kupita kiasi na safari ni ndefu, hapo ndo gliserini inaingia.

Inafanyaje kazi? Ikiingia kwenye damu, damu inakuwa na vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko maji ya ndani ya jicho, basi maji yanatoka jichoni yanafuata damu, vile vile chumvi inavyovuta maji kwenye samaki wa kukausha. Yanayotoka sana ni ya ule ute mwingi ulio nyuma ya lenzi. Ute ukipungua hata kidogo, lenzi na airisi zinapata nafasi ya kurudi nyuma na ile kona ambako maji ya jicho hutokea inaweza kufunguka. Inaanza ndani ya dakika 10 mpaka 30, inafika kilele kwenye saa moja au saa moja na nusu, alafu inaanza kuisha. Ukijua hivi utaelewa pia hatari zake, kwa sababu hayo maji yanayovutwa hayatoki kwenye jicho tu, yanatoka mwili mzima, mpaka ubongoni, na yote yanajazana kwenye mishipa ya damu na moyo unatakiwa kuyasukuma na figo kuyatoa.

Ndo maana kuna maswali ambayo huyaruki hata kama mgonjwa analia. Sukari: gliserini inageuzwa na ini kuwa glukosi, mtu wa kisukari itampandisha vibaya. Usimuulize tu maana wengi hawajui kama wanayo, toboa kidole upime. Ikiwa juu, gliserini hapana. Moyo: anavimba miguu, analala na mito mitatu, anahema akipanda mlima kidogo, huyo ukimjazia maji kwenye damu anaweza kuzama kwa mapafu yake, hapana. Figo: kama hakojoi vizuri au anajulikana ana shida ya figo, hapana. Amekauka kwa kutapika siku nzima, ngozi ukiivuta hairudi, hapana kwanza. Hajitambui vizuri au amesinzia, usimnyweshe chochote, kitaingia kwenye mapafu. Mzee sana wa kuchanganyikiwa changanyikiwa, ogopa, ubongo wake ukipungukiwa maji ghafla anaweza kupotea akili kabisa au mshipa mdogo wa kichwa ukavuja. Na mtoto au kijana aliyepigwa na kitu jichoni damu ikajaa ndani, uliza sikoseli, hii huku kwetu ni nyingi, kwa mtu wa sikoseli kukausha damu ni hatari na hata hiyo acetazolamide ni ya kuogopa, piga simu kwa daktari wa macho uongozwe.

Haya, dawa yenyewe. Lazima iwe gliserini ya kufaa kunywa, chupa iliyoandikwa BP au USP (alama za kiwango cha dawa), imefungwa, kutoka duka la dawa lenye leseni, na tarehe haijaisha. Ile ya dukani ya kupaka mwilini, yenye harufu ya waridi, au ile wanapima kutoka jerikeni sokoni, usimpe mtu anywe. Hili si kujifanya. Gliserini ni kitu ambacho duniani kimeshachakachuliwa na kemikali ya sumu inayoitwa diethylene glycol, ni tamu pia, kwa macho hutofautishi, inaua figo. Haiti mwaka 1995 na 1996 watoto walikufa kwa sirapu iliyotengenezwa na gliserini ya namna hiyo, na Panama mwaka 2006 ikatokea tena kwenye dawa ya kikohozi. Kama huna chupa unayoiamini, ruka hii hatua nenda kwenye mannitol, dawa ya mshipani, nakuja huko.

Dozi ni gramu 1 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya mwili. Shida ni kwamba gramu si mililita, gliserini ni nzito kuliko maji, mililita moja ina gramu 1.26 hivi, na hapo ndo watu wanakosea wanazidisha. Njia rahisi ninayofundisha: mililita moja ya gliserini safi kwa kila kilo, alafu changanya na kiasi kile kile cha maji au juisi. Hiyo inakupa kama gramu 1.26 kwa kilo, iko katikati. Mtu wa kilo 60 anapata mililita 60 za gliserini na mililita 60 za juisi, jumla 120. Mzee mwembamba mpe kidogo, mililita 0.8 kwa kilo, kwa kilo 50 inakuwa mililita 40 na juisi 40. Na mpime kwenye mizani, usikadirie kwa macho. Mtu amekuja amejifunika shuka mbili na koti la mvua la boti, ukamkadiria kilo 70 kumbe ni 48.

Kama chupa imeshaandikwa kuwa ni mchanganyiko wa asilimia 50, usiongeze tena juisi nyingi kama hiyo, hapo ni mililita 2 kwa kilo moja kwa moja. Soma lebo, soma mara mbili.

Kupima tumia sirinji kubwa ya 20 au 50, kikombe cha dawa kinadanganya maana gliserini inanata kwenye kuta zake. Inatoka polepole kama haitaki, vuta taratibu, ukivuta kwa haraka unavuta hewa na unafikiri umepima kumbe nusu ni mapovu. Mimina kwenye kikombe, weka juisi, koroga kweli kweli mpaka zile nyuzi nyuzi unazoziona ukishika kikombe kwenye mwanga ziishe, kama hujakoroga atakunywa juisi yote juu na dawa itabaki chini. Akishamaliza weka juisi kidogo usuuze kikombe anywe na hiyo.

Juisi gani? Ladha yake ni tamu ya kuchefua, tamu mpaka koo linakataa, kwa hivo tafuta kitu kichachu: ndimu au limau lililokamuliwa, au pasheni isiyo na sukari. Baridi inasaidia sana. Tafadhali usitumie friji ya chanjo kupozea juisi, na wale wa kwenye mwalo, barafu ya samaki usiiweke kwenye kikombe, hiyo imetengenezwa na maji ya ziwa. Tuma mtu alete chupa ya maji baridi dukani, inatosha.

Anywe akiwa amekaa, kwa dakika tano hivi, mafunda madogo lakini asilale nayo mkononi nusu saa, akivuta muda sana damu haifiki kile kiwango unachotaka. Akimaliza arudi kulala, kichwa kitauma kidogo na kulala kunapunguza. Andika saa.

Atasikia kiu kali na ndugu yake atakimbia na chupa ya lita moja. Mzuie kwa adabu, mama au mzee wa watu asionekane ananyimwa maji, eleza tu kwamba akimpa maji mengi sasa hivi anaizima dawa, asukutue mdomo, alambe limau, baada ya masaa mawili matatu atakunywa kawaida. Atakojoa sana pia, mwekee ndoo karibu, na kwa wazee wa kiume wenye tezi dume uliza kama mkojo hutoka kwa shida, kibofu kikijaa ghafla kikashindwa kutoka utahitaji katheta na saa hizo ni usiku wa manane.

Kaa naye. Angalia kupumua, angalia kama anajibu maswali vizuri, anaanza kuropoka au kusinzia hilo ni tatizo, pima sukari tena baada ya saa moja au mbili hata kama mwanzo ilikuwa sawa. Pima presha ya jicho baada ya saa moja. Maumivu yakipungua na ukungu wa kioo ukianza kuondoka utaona hata uso wa mtu umebadilika, lakini usiridhike na uso, pima.

Akitapika dawa yote ndani ya dakika chache, usirudie rudie kumnywesha. Hapo ni mannitol ya mshipani kama unayo na kama yale maswali ya moyo na figo yamepita. Ile ya asilimia 20, chupa ya mililita 500 ina gramu 100, dozi ni gramu 1 mpaka 2 kwa kilo, mtu wa kilo 60 anaanza na mililita 300 kwa nusu saa mpaka saa moja. Shika chupa kwenye mwanga, ukiona vipande vya fuwele iweke kwenye maji ya moto mpaka viyeyuke vyote, iache ipoe mpaka joto la mwili, na tumia seti ya dripu yenye kichujio. Faida yake haihitaji tumbo na haiwi glukosi, kwa hivo hata mtu wa kisukari anaweza kuipata kwa uangalizi, ila kwenye moyo ni kali kuliko gliserini. Na mannitol usimnyweshe kwa mdomo, nimeulizwa hili, tumbo halifyonzi, utampa kuhara tu.

Kuna mwingine atasoma mahali kuhusu isosorbide ya kunywa kwa presha ya jicho. Ni kweli ipo, na haibadiliki kuwa sukari, lakini kile kidonge cha isosorbide dinitrate kilicho kwenye kabati yako ni cha moyo, cha kifua kinachobana, ni dawa tofauti kabisa, ukimpa mgonjwa wa jicho utamshusha presha ya damu adondoke.

Swali linalorudi kila mara ni la waragi, kama inaweza kutumika badala ya gliserini. Pombe kweli inaweza kushusha presha ya jicho kidogo kwa muda, wazee hawajaota, lakini mtu anayetapika na kichwa kinapasuka ukimwongeza waragi atakauka, atapoteza fahamu, na huko unakompeleka hawataweza kujua ni ugonjwa au ni chupa. Glukosi ya paketi nayo haifanyi hiyo kazi, mwili unaila haraka mno.

Na yule mgonjwa wa glakoma ya polepole, anayetumia matone kila siku na jicho haliumi, akisikia habari hii atakuja kuomba chupa aende nayo nyumbani. Usimpe. Huyo dawa yake ni matone yake kwa saa zake maisha yote, gliserini ya kila siku itamnenepesha, itamchezea sukari na figo, na baada ya siku chache hata jicho halisikii tena.

Barua ya rufaa iandike kwa herufi zinazosomeka: presha ilikuwa ngapi, saa ngapi, amepewa nini na kiasi gani na saa ngapi, presha ya pili ngapi, sukari ngapi, lini alikula mara ya mwisho. Hiyo ya mwisho ni ya watu wa ganzi, mtu ametoka kunywa kikombe cha kitu kitamu na kizito na wao wanataka kumpeleka theta, lazima wajue. Mpe ndugu anayesafiri naye vidonge vya acetazolamide vya njiani ukimwandikia saa, na mwambie kwa mdomo wake arudie kukuambia: tukifika maumivu yakiwa yameisha bado tunaingia ndani kumwona daktari. Nimeona watu wanafika stendi ya Tororo wamepona wanapanda teksi kurudi.

Huko watakapofika, kama ni kona iliyojifunga watamtoboa airisi kwa leza ili maji yapate njia nyingine, na kama ni mtoto wa jicho watatoa lenzi. Jicho la pili la kona iliyojifunga nalo linatobolewa hata kama haliumi, kwa sababu umbo ni lile lile na linaweza kufanya hivo hivo. Familia nyingi hapo zinagoma, zinasema jicho zima linatobolewa kwa nini, na daktari kule ana foleni hana muda wa kubembeleza, kwa hivo hiyo maelezo itoe wewe mapema ukiwa umekaa naye unasubiri dawa ishushe. Na dada na kaka za mgonjwa waambie wapime macho pia.